Mikono Isiyovumilia Chembe

Tk. Kabati la karakana lilijigeuza gizani, likatulia.

Nimelala upande wa pili wa ukuta huo tangu nilipoletwa nyumba hii nikiwa bibi harusi. Ndani ya kabati mna bakuli za mbao zilizopakwa usiku laka, ule utomvu mweusi wa mti ambao ndio kazi ya ukoo wetu wa Nishibata, na mota ndogo huzigeuza juu chini ili laka mbichi isichuruzike upande mmoja. Tk, kimya kirefu, tk tena. Mlio huo hauniamshi. Alfajiri ile niliamshwa na kitu kingine: mlango wa kabati ulifunguliwa, na hakuna anayeufungua saa hizo.

Nikavaa koti la pamba juu ya nguo za kulalia, nikaenda polepole, mkono ukutani. Madoka, mjukuu wangu, alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati, taa imewaka, anazitazama bakuli bila kuzigusa. Nywele alikuwa amezifunga vizuri ndani ya kitambaa. Hata katika hali ile hakusahau kwamba unywele mmoja ukidondoka kwenye laka mbichi kazi ya mwezi inaharibika.

"Utaingiza vumbi," nikamwambia.

"Ndiyo, Bibi." Lakini hakufunga.

"Kuna iliyoharibika?"

"Hapana. Zote safi. Nilitaka kuona kama nitasikia furaha kidogo. Huwa naisikia nikikuta laka imelala vizuri."

"Na leo?"

"Naona tu kwamba imelala vizuri."

Nilikaa kwenye mto wa kazi wa baba yake. Mtoto huyu alikuwa na machozi ya karibu tangu utotoni, aliwahi kumlilia konokono aliyekanyagwa na baiskeli. Sasa macho yake yalikuwa makavu, na sauti yake kama ya mtu anayesoma maandishi kwenye pakiti ya chumvi. Tangu theluji ya kwanza alikuwa hivyo. Anafanya kazi, anaosha vyombo, anasema asante, anakwenda kulala.

"Ni Iori?" nikauliza.

Akaitikia kwa kichwa. Akasema, "Bibi, ile picha iliyopo ukumbini, anayoipenda Baba. Niliisafisha."

Mwanzo sikuelewa. Kisha nikaelewa yote kwa mara moja.

Iori Kuzumi ni mchoraji. Anaishi ng'ambo ya kilima, kwenye kijiji cha watengeneza karatasi, katika banda alilokuwa akifanyia kazi marehemu mama yake. Hachori milima wala maua wala watu. Anachukua karatasi nene ya magome, anaipaka weupe wa unga wa magamba ya chaza uliochanganywa na gundi, tabaka juu ya tabaka, na anaiacha ipasuke inapotaka kupasuka, ivimbe inapotaka kuvimba. Ukiitazama kwa haraka utasema ni ukuta unaobanduka. Ukikaa nayo, unaanza kuona kama ngozi ya mtu mzima aliyelala.

Yeye na Madoka walipendana kwenye maonyesho ya mafundi ya wilaya. Madoka alikuwa amesimama mbele ya picha ya Iori, mikono nyuma, ameifunga kabisa kidole kwa kidole. Iori akamuuliza kwa nini. Akajibu, "Nikiiachia itaanza kurekebisha." Iori alicheka mpaka watu wakageuka. Ndivyo walivyoanza, kwa kicheko juu ya jambo hilohilo.

Madoka ni mtoto pekee wa mwanangu Yasuhiko, kwa hiyo atakayemwoa lazima aingie kwetu na kuchukua jina letu. Hilo Iori alilikubali bila kelele. Mama yake amekufa, baba hamkumbuki. Alisema, "Nikiwa Nishibata nitapata na Bibi juu yake." Nilikwenda jikoni nikajifanya natafuta sahani.

Kilichobaki kilikuwa picha zenyewe. Mwanangu hakuzimeza.

"Hapa kwetu mtu akiacha chembe moja anarudishwa kupiga msasa," alisema Yasuhiko. "Huyu anaziacha zote, halafu anaitwa msanii."

"Ukoo wako wote hauna aliyewahi kuitwa msanii," mkewe Toyomi akamjibu. "Labda ndiyo inakuuma."

"Alete moja. Nitaiweka ukumbini. Nikiweza kunywa chai mbele yake bila kuamka kutafuta msasa, tutazungumza."

Iori akaleta moja, imefungwa kwenye kitambaa, akaiacha kwetu kwa sababu alikuwa na safari ya Kanazawa kuonana na watu wa ukumbi wa maonyesho. Yasuhiko alisema hataifungua mpaka kijana arudi, aitazame mbele yake, uso kwa uso. Hiyo ilikuwa heshima. Lakini kwa siku hizo za katikati picha ilikaa karakanani, karibu na mikono ya Madoka.

Sasa alfajiri ile akanieleza, macho bado kwenye bakuli.

"Niliifungua nione tu. Bibi, ilikuwa na chembe nyeusi. Vibanzi vidogo vya gome, vimetawanyika ndani ya ule weupe wote. Nikafikiri, Baba ataziona hizi kabla hajaona kitu kingine chochote. Atasema uchafu, na mambo yataishia hapo. Nikachukua kijiti changu cha unyoya."

Kijiti hicho ni uti wa unyoya wa ndege uliochongwa ncha. Sisi watu wa laka tunautumia kunyanyua vumbi kutoka kwenye rangi mbichi bila kuacha alama. Madoka ana mkono mwepesi kuliko sote. Alilowesha kila chembe kwa tone la maji, akangoja gundi ilainike, akainyanyua, akajaza tundu kwa weupe wa chaza, akalainisha.

"Nilifanya kwa mapenzi," alisema. "Nilikuwa naimba, Bibi. Hilo ndilo ninalolikumbuka. Nilikuwa naimba."

Nami nikakumbuka siku Iori aliporudi. Yasuhiko alikuwa ameitundika kwenye shubaka la ukumbini. Aliitazama, akakaa, akanywa chai, akapiga paja. "Imetulia! Kama theluji kabla mbwa hajapita. Kijana, nilikudharau." Iori aliitazama picha yake kwa muda. Halafu hakumtazama Madoka usoni, alitazama mikono yake iliyoshika sinia. Kisha akainama kwa mwanangu akasema, "Ahsante, Mzee. Na chai ni nzuri sana." Akala kitafunio chote alichowekewa, maana Toyomi alikuwa amekitengeneza mwenyewe. Akaaga. Nilidhani ameshikwa na haya ya furaha. Kumbe alikuwa anamfichia binti yetu mbele ya baba yake.

"Alinipigia simu jioni ile," Madoka aliendelea. "Hakukasirika. Aliniambia chembe zile zilikuwa za mama yake, basi. Akaniambia nisijilaumu, akakata. Hajapiga tena, nami sijapiga. Natafuta pa kulilia, Bibi, sipaoni."

Niliufunga mlango wa kabati. Nikamshika mkono tukaenda kuosha mchele.

*

Kifungua kinywa kilikuwa supu ya miso, ile rojo ya soya iliyochachushwa, yenye figili, na samaki aliyehifadhiwa kwenye pumba za mchele na chumvi kisha akachomwa. Yasuhiko alinichagulia kipande kisicho na miiba mingi, kama anavyofanya kila siku bila kusema. Toyomi alimtazama binti yake.

"Kula basi. Unaichokoa kama unatafuta pete."

"Nakula, Mama."

"Na wewe," Toyomi akamgeukia mumewe, "geuka huku. Mtu anakula amekaza shingo kwenye picha, tutadhani ameoa mke wa pili."

Yasuhiko hakuona aibu. Aliweka vijiti vyake vya kulia chini, akafuta mdomo. "Nimeamua. Mwiteni yule kijana aje Mwaka Mpya. Asije kama mgeni. Aje kama mtu wa nyumbani."

Hilo ndilo neno tulilolingoja mwaka mzima. Toyomi akaziba mdomo kwa mkono, machozi yakamjaa machoni. Akamtazama bintiye ili wafurahi pamoja.

Madoka angeweza kunyamaza. Mimi nisingesema. Iori naye, kwa jinsi nilivyomwona siku ile, angekwenda nalo mpaka kaburini. Picha ingekaa ukumbini, harusi ingefungwa, wajukuu wangezaliwa.

"Baba," alisema, "unachokipenda kwenye picha hiyo ni kazi yangu."

Akamweleza. Alieleza kwa mpangilio, kama fundi anayeeleza alivyotengeneza kifuniko, na sauti haikupanda wala kushuka. Toyomi alikuwa anatikisa kichwa pole pole, kama anamwomba aishie hapo. Hakuishia.

Yasuhiko aliinuka, akaiondoa picha kwenye shubaka, akaipeleka dirishani kwenye mwanga wa theluji. Akaiinamisha huku na huku. Akaipitishia tumbo la kidole gumba, taratibu sana.

"Hapa," alisema. "Na hapa. Hapa pia." Kisha, kwa mazoea ya kumfundisha, akasema, "Umejaza vizuri." Alipokisikia alichosema, uso wake ukawa mzee.

"Kwa hiyo sikuipenda picha yake," akasema. "Nilikipenda kidole chako."

"Ndiyo, Baba."

"Basi sijampa mtu ruhusa yoyote. Yule niliyemwita Mwaka Mpya hayupo. Mrudishie mali yake."

"Yasuhiko," nikamwita.

"Mama, tafadhali. Nimetembea na sifa za uongo mji mzima. Nimewaambia mpaka watu wa kinyozi."

Akatoka. Tulimsikia nje, koleo likikwaruza. Nilipochungulia nilimwona ana hasira mpaka masikio, anaondoa theluji nyuma ya kigari chetu cha mizigo na kumwaga majivu chini ya magurudumu, ili binti yake asiteleze.

Toyomi aliifunga picha kwenye kitambaa cha zambarau, kile cha sherehe. "Mwambie Iori..." akaanza. "Usimwambie kitu. Mpe hii." Lilikuwa boksi la jeli ya maharage mekundu, ile ya baridi tunayokula majira haya.

Nikavaa viatu vyangu vya theluji.

"Bibi, barabara ina barafu," Madoka akasema.

"Ndiyo maana nakuja. Gari linahitaji mtu wa kupiga mayowe."

Alinifunga mkanda yeye mwenyewe, akaniwekea kifuko cha kupasha joto magotini. Juu ya kilima mianzi ilikuwa imeinama kwa uzito wa theluji mpaka inagusa paa la gari. Wakati mwingine wa maisha yake angeniambia, tazama, Bibi. Aliwasha tu vifuta maji.

*

Iori alifungua mlango kabla hatujabisha. Alikuwa na ndevu za siku nyingi, sweta limetoboka kiwikoni.

"Bibi. Karibu, kuna baridi." Halafu akasema, "Madoka." Alilisema jina kama mtu anayelisoma mlangoni.

"Samahani kwa kuja bila taarifa," alisema Madoka.

"Si kitu."

Aliniwekea mto karibu kabisa na jiko la mafuta. Akachukua viatu vyangu, akavikung'uta theluji, akavipanga karibu na moto, ncha zikitazama mlango. Mtu aliyevunjika moyo aliyekumbuka viatu vya kizee. Nililiweka hilo moyoni.

Banda lilikuwa na harufu ya gundi na gome bichi. Chini ya sakafu ya upande mmoja kijito kinapita, unakisikia wakati wote. Picha zake zote alikuwa amezigeuzia ukutani. Sikuona hata moja iliyokuwa ikichorwa.

Akaleta chai. Wakakaa wakitazamana, mimi pembeni yao, na kati ya magoti yao pangetosha mtoto kulala. Macho yao yalikuwa yanapishana. Ya mmoja yakiinuka, ya mwenzake yanatua kwenye kikombe.

"Nimeirudisha," alisema Madoka.

Iori akakifungua kitambaa. Aliiweka picha magotini akaipapasa, macho amefumba, na vidole vyake vilisimama palepale vilivyosimama vya mwanangu.

"Una mkono mzuri," alisema.

"Usinisifu, Iori."

"Sikusifu. Nasema ulivyo."

Nilishindwa kuvumilia. Mimi ni kizee, nataka watu wapone. Nikasema, "Iori, wewe si ndiye unayependa kasoro? Basi hata hayo matundu aliyoyajaza yahesabu ni kasoro nyingine. Si ndiyo picha yenyewe inavyokua?"

Akanitazama kwa upole mkubwa. "Bibi, kila mtu ananiambia hivyo. Kikombe kikinivunjikia wananiambia, furahi, si ndiyo sanaa yako! Sipendi kila kasoro. Nikiona kazi ya hovyo nachukia kama Mzee Yasuhiko anavyochukia." Alipitisha kiganja juu ya weupe. "Mama alikuwa anachambua magome hapo penye kijito. Kabla gome halijawa karatasi lazima litolewe kila doa jeusi, kwa kucha, ndani ya maji. Baridi kama hii. Karatasi yake ilikuwa nyeupe, wanunuzi walikuwa wanasema, karatasi ya mama huyu haina mtu ndani. Walikuwa wanamsifu. Mwishoni macho yakafifia. Lakini hakuacha. Alikuwa ananiuliza, 'Iori, imeisha?' Namjibu, 'Imeisha, Mama.' Kumbe nyeusi zimejaa tele. Akafa akiwa amejaza ndoo moja ya mwisho."

Kijito kilipita. Jiko likapumua.

"Karatasi hii, iliyotokana na ndoo ile, ndiyo ya kwanza niliyomwona yeye mwenyewe ndani yake," alisema. "Kinachobaki mtu akiwa amefika mwisho wa uwezo wake, hicho nakiacha. Sikichokozi. Bibi, matundu haya hayakutoka kwenye mwisho wa uwezo wa mtu. Yametoka kwenye uwezo wenyewe. Sijui niyaweke wapi."

"Hukuwahi kuniambia kuhusu ndoo," Madoka alisema. Hakulalamika. Alikuwa anaweka jambo mahali pake.

"Sikuwahi. Nilitaka uzipende zile chembe kabla hujajua ni za nani."

"Ningeuliza."

"Ndiyo. Na mimi ningesema. Hatukufanya."

Nikaikata jeli kwa ajili yao kwa sababu mikono yangu ilitaka kazi. Hakuna aliyeigusa.

"Ulipoziona," Iori aliuliza, "uliogopa nini?"

"Kwamba Baba atakuona mchafu."

"Na wewe? Uliniona mchafu?"

Nilitamani aseme hapana. Mwanamke yeyote angesema hapana. Madoka alifikiri, kwa uaminifu wake ule unaochosha.

"Kidogo," alisema. "Mimi nilikuwa nimekupenda zamani. Mikono yangu ilikuwa haijakupenda bado. Imefundishwa tangu nina miaka sita, haijui kupita penye chembe na kuiacha. Siku ile niliiachia ifanye ilichokuwa inataka tangu nikutane nawe. Ndiyo maana nilikuwa naimba."

Iori aliinamisha kichwa. Hakuonekana ameumia zaidi. Alionekana kama mtu aliyeambiwa saa sahihi baada ya kukaa na saa mbovu.

"Ulizitupa wapi?"

"Nilizisuuza. Mfereji wa nyuma ya karakana. Nilikwenda kuzitafuta baada ya simu yako. Maji yalikuwa yamezichukua."

"Mfereji wenu unatoka kwenye kijito hiki," akasema. "Mama alikuwa anazitupa humuhumu. Maisha yake yote." Kona ya mdomo wake ikacheza. "Unajua, angekushukuru. Kama angeziona kwenye picha, ukumbini kwa watu, angelia kwa aibu. Angesema, 'Iori, umenianika mbele za watu! Binti huyu amenisitiri.' Angekuletea figili."

Alicheka, kicheko kifupi kisicho na joto, kikazimika. Alijifuta uso kwa kiwiko kilichotoboka.

"Kwa hiyo sijui hata mimi nilikuwa namfanyia nini," alisema. "Nilikuwa nashika kitu ambacho yeye angekitoa."

Akachukua mkono wa Madoka, pasipo kumtazama, akaweka kidole gumba cha binti juu ya picha, mahali palipojazwa. Akakiacha pale, kiganja chake mwenyewe juu ya mkono wa Madoka.

"Unasikia kitu?" akauliza.

"Baridi."

"Mimi pia. Baridi tu."

Lakini mkono hakuuondoa mara moja. Mimi nilitazama jiko.

Alipouachia aliuliza, "Mzee anajua?"

"Nimemwambia asubuhi hii."

"Akasemaje?"

"Ameondoa ruhusa."

"Alikuwa hajaitoa bado."

"Aliitoa leo. Wakati wa kula. Alisema uje Mwaka Mpya kama mtu wa nyumbani."

Iori aliinua uso. Kwa mara ya kwanza tangu tuingie alimtazama machoni, naye Madoka hakukwepesha yake. "Ukamwambia kabla hajasema hivyo, au baada?"

"Baada."

"Kwa nini, Madoka? Mimi nilikuwa nimeshanyamaza. Nilishalimeza. Ungeniita, ningekuja, ningekaa chini ya picha ile na ningekula na ninyi."

"Najua ungekuja. Ndiyo maana. Ungekuwa unaitazama kila siku, na Baba anakusifia kila siku, na wewe unasema ahsante. Nimekutolea chembe za mama yako. Nisingeweza kukutoa na wewe."

Alisema hayo kwa sauti ileile kavu. Iori aliinuka na ile picha, akatembea nayo mpaka kwenye ukuta wa zile nyingine. Nikafikiri, sasa ataigeuza. Hakuigeuza. Aliisimamisha hivyohivyo, uso wake kwetu, akarudi nyuma hatua chache akaitazama, mikono ikining'inia.

"Siwezi kukuambia kitu leo," alisema akiwa amempa mgongo. "Si hasira. Natafuta hasira siioni. Natafuta na furaha, siioni pia. Nikikuambia tuko sawa nitakuwa najaza tundu."

"Usijaze," alisema Madoka.

Tukaaga. Alinipa mkono kunishusha kizingiti, viatu vyangu vilikuwa na joto mpaka vidoleni. Madoka aliinama kwake, kuinama kwa mtu wa nje, kwa adabu yote, akatangulia kwenye gari. Sikumwona akilia. Nilimwona ameshika usukani kabla hajawasha injini, na mabega yake yako juu kama ya mtu anayebeba ndoo mbili.

Theluji ilikuwa imeanza tena, nyepesi. Iori alitoka na mwavuli, akaja upande wangu wala si upande wa dereva. Nikateremsha kioo. Alinikinga mwavuli mimi niliyekuwa ndani ya gari, yeye akiwa nje ananyeshewa, na macho yake yakanipita mimi, yakafika kwa yule aliyeshika usukani, yakakaa pale.

"Bibi," alisema, "utakuja tena?"

"Mimi mtu mzima, mwanangu. Tena siendeshi gari."

"Najua," alisema Iori. "Njoo tena."